Pensheni hutozwaje kodi baada ya kustaafu, na kwa nini wastaafu wawili wenye pensheni sawa hawabaki na kiasi sawa?

Mtarajiwa ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, natarajia kustaafu kabla ya mwaka huu wa mapato kwisha, na kadiri ninavyosoma masharti ya mfuko wangu ndivyo ninavyoona kwamba sehemu inayohusu kodi imeandikwa kwa ajili ya watu wanaoielewa tayari. Miaka yote ya kazi nimekatwa kodi ya mshahara kila mwezi, na michango ya pensheni imekatwa katika mshahara huohuo. Sasa naelezwa kwamba pensheni nayo ni mapato na inaweza kutozwa kodi. Swali langu la kwanza ni hili: je, huku si kutozwa mara mbili kwa fedha zilezile?

La pili, ninawafahamu wastaafu wawili walioondoka kazini pamoja, wakiwa na cheo kimoja na pensheni zinazolingana, lakini mmoja hukatwa kodi kidogo sana na mwenzake hukatwa nyingi, na hakuna aliyeweza kunieleza sababu. La tatu, nitakuwa na haki ya kuchukua sehemu ya mafao kwa mkupuo, nina pensheni nyingine ndogo kutoka kwa mwajiri wa zamani, na ninafikiria kufanya kazi za mkataba kwa muda. Naomba mwenye kuelewa anifafanulie kanuni zenyewe, bila kujifunga kwenye sheria za nchi moja, ili nitakapokutana na maofisa wa mfuko nijue la kuuliza.

Karani wa Mafao amejibu:

Ndugu Mtarajiwa, kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukokotoa mafao, na swali lako la kwanza ndilo linaloulizwa kwa uchungu kuliko yote. Jibu lake linategemea jambo moja unaloweza kulithibitisha mwenyewe leo: mchango wako ulitolewa katika mshahara kabla ya kodi kukokotolewa, au baada yake?

Fedha ya pensheni hupita hatua tatu, nazo ni kuchangwa, kuwekezwa hadi ikakua, na kulipwa. Kila nchi huchagua hatua ambayo itatoza kodi. Utaratibu ulioenea zaidi duniani ni ule unaosamehe mchango, ukasamehe faida ya uwekezaji wakati fedha ingali ndani ya mfuko, kisha ukatoza malipo yanapomfikia mstaafu. Chini ya utaratibu huo, kodi uliyokuwa ukikatwa kila mwezi ilihesabiwa juu ya mshahara uliobaki baada ya mchango kutolewa. Fedha iliyokwenda mfukoni haikuwahi kutozwa. Kodi yake iliahirishwa tu, na wakati wa kuidai hufika pensheni inapoanza kulipwa. Hapo hakuna kutozwa mara mbili, ingawa naelewa kwa nini mtu aliyezoea kuona makato mawili katika hati moja ya mshahara huhisi hivyo.

Zipo nchi na mipango inayofuata njia iliyo kinyume. Nchini Marekani, akaunti za kustaafu zinazoitwa Roth, zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, hupokea fedha iliyokwisha kutozwa kodi, na mwenye akaunti akitimiza masharti hupokea malipo yake yote, pamoja na faida, bila kukatwa chochote. Australia hutoza asilimia 15 ya michango mingi ya waajiri inapoingia katika mfuko, hutoza pia faida ya uwekezaji, na tangu Julai 2007 malipo mengi kwa waliotimiza umri wa miaka 60 hayatozwi. New Zealand nayo hutoza mwanzoni na katikati, kisha malipo kutoka katika mifuko ya akiba ya kustaafu hayaguswi.

Watu huuliza njia ipi ni nafuu. Chukua fedha 100,000 za mshahara, kiwango cha kodi cha asilimia 20, na uwekezaji unaokuza fedha mara tatu hadi siku ya kustaafu. Mchango ukisamehewa, 100,000 zote huingia mfukoni, hufikia 300,000, na kodi ya 60,000 ikitolewa unabaki na 240,000. Mchango ukitozwa mwanzoni, 80,000 huingia mfukoni na kufikia 240,000, nawe unazichukua zote. Matokeo ni yaleyale kabisa. Tofauti hujitokeza pale tu kiwango chako cha kodi ukiwa kazini kinapotofautiana na kiwango chako ukiwa mstaafu. Kwa kuwa watu wengi mapato yao hushuka wanapostaafu, kuahirisha kodi huwafaa wengi wao, lakini si wote: aliyekuwa na mshahara mdogo ujanani na sasa ana pensheni nzuri pamoja na mapato mengine anaweza kujikuta akilipa kiwango kikubwa zaidi juu ya fedha ambayo, kama ingetozwa wakati ule, ingelipiwa kidogo.

Kutozwa mara mbili kwa kweli hutokea mahali pengine, nami nakuomba usome sehemu hii kwa makini. Wanachama wengi wana michango ya aina zote mbili ndani ya mfuko mmoja. Kwa mfano, sheria inaweza kusamehe mchango hadi kikomo fulani, na kiasi kinachozidi kikomo hicho kikawa kimetozwa kodi kabla ya kuingia. Pensheni inapoanza kulipwa, sehemu inayotokana na michango iliyokwisha kutozwa haipaswi kutozwa tena, lakini mlipaji hataitenganisha kama hana kumbukumbu zake. Marekani ina njia rahisi ya kuitenganisha: jumla ya michango ambayo mstaafu aliilipia kodi hugawanywa kwa idadi ya miezi iliyowekwa kwa kufuata umri wake. Anayeanza kupokea pensheni ya maisha yake mwenyewe akiwa na umri wa kati ya miaka 61 na 65 hutumia miezi 260. Kama michango yake hiyo ni 52,000, basi 200 katika kila malipo ya mwezi hazitozwi kodi hadi zile 52,000 zitakapokuwa zimerudi zote. Nchi nyingine zina njia zao, ila msingi ni huohuo. Kwa hiyo tafuta taarifa za michango za miaka yote, hasa miaka uliyochangia kwa hiari zaidi ya kiwango cha lazima, na miaka uliyohamisha fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Ofisi hubadilisha mifumo, waajiri hufungwa, na karatasi inayokosekana humgharimu mstaafu mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba fedha hiyo ilikwisha kutozwa.

Mtozaji Mstaafu amejibu:

Namshukuru Karani wa Mafao kwa maelezo yake. Mimi nilitumikia upande wa ukusanyaji wa kodi ya mapato, na nitajibu swali la pili, ambalo jibu lake halimo ndani ya pensheni hata kidogo. Kodi ya mapato hutozwa juu ya mtu, kwa jumla ya mapato yake ya mwaka. Wastaafu wawili wenye pensheni sawa wanaweza kuwa na kodi tofauti kwa sababu mmoja ana nyumba aliyoipangisha, au riba ya benki, au pensheni ya pili, au mwenzi ambaye mapato yake huhesabiwa pamoja na yake katika nchi zinazofanya hivyo. Yaweza pia kuwa mmoja amefikisha umri unaompa nafuu ya ziada na mwingine bado, au mmoja hupokea pensheni ya ulemavu, ambayo nchi nyingi huisamehe kwa sehemu au yote.

Sasa tazama hatari inayowapata wenye pensheni zaidi ya moja, nawe ndugu Mtarajiwa utakuwa miongoni mwao. Tuchukue utaratibu wa kubuni ambapo 300,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi, 300,000 zinazofuata hutozwa asilimia 10, na kinachozidi 600,000 hutozwa asilimia 30. Mstaafu ana pensheni ya 360,000 kutoka mfuko mmoja na ya 240,000 kutoka mfuko mwingine. Mfuko wa kwanza unaona 360,000, unatoa kiwango kisichotozwa, na kukata 6,000. Mfuko wa pili unaona 240,000, ambazo hazifiki kikomo, na haukati kitu. Kila mlipaji amefanya hesabu sahihi kwa kile anachokiona. Lakini mtu huyu ana mapato ya 600,000, na kodi yake halali ni 30,000. Mwaka ukiisha anadaiwa 24,000, na mara nyingi deni hilo humfikia kwa barua inayotaja riba na adhabu, akiwa ameamini kwa nia njema kwamba kila kitu kilikatwa mwezi kwa mwezi.

Dawa yake ni kuhakikisha kwamba kiwango kisichotozwa kinatumiwa na mlipaji mmoja tu, na kuwaagiza wengine wakate kodi kuanzia fedha ya kwanza, au kulipa mwenyewe kwa awamu katika mwaka. Nchini Uingereza, pensheni ya serikali inayotokana na bima ya taifa ni mapato yanayotozwa kodi, lakini hulipwa bila kukatwa, na kodi yake hukusanywa kwa kupunguza kiwango kisichotozwa katika pensheni nyingine ya mtu huyohuyo. Asiyejua jambo hilo hudhani mfuko wa mwajiri wake wa zamani unamwonea, kwa kuwa ndio unaoonekana kukata kodi kubwa.

Niongeze jambo lililowafanya wastaafu wengi waje ofisini kwetu wakiwa na hofu. Wapo wanaoogopa nyongeza ya pensheni kwa kudhani kwamba wakiingia daraja la juu, pensheni yote itatozwa kiwango cha juu na mkononi watabaki na pungufu. Sivyo. Kiwango cha juu hugusa kile tu kilichozidi mpaka wa daraja. Katika mfano wangu, mapato ya 601,000 hutozwa asilimia 30 juu ya 1,000 pekee. Jambo linalostahili kuangaliwa ni nafuu na misamaha inayofutika ghafla mapato yanapovuka kikomo fulani, kwa kuwa hapo nyongeza ndogo inaweza kweli kuleta hasara, na pia vikomo visivyopandishwa ilhali gharama za maisha zinapanda. Marekani ilianza kutoza mafao ya hifadhi ya jamii mwaka 1984, kwa waliozidisha dola 25,000 za mapato kwa asiye na mwenzi na 32,000 kwa wanandoa wanaowasilisha pamoja ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka kwa mamlaka ya kodi. Vikomo hivyo havijawahi kubadilishwa kwa kufuata mfumuko wa bei. Kodi iliyokusudiwa kuwafikia wenye mapato ya juu imekuwa ikiwafikia watu wa kawaida mwaka baada ya mwaka, bila bunge lao kulazimika kupitisha kiwango kipya. Kwa maoni yangu hiyo ni njia isiyo ya haki ya kuongeza kodi kwa wazee, kwa sababu mtu hawezi kupinga badiliko ambalo halikutangazwa.

Mtarajiwa ameandika tena:

Nawashukuru sana wote wawili. Nimetazama hati zangu za mshahara, na michango ya lazima ilitolewa kabla ya kodi. Michango ya hiari niliyoongeza katika miaka ya karibuni ilitolewa baadaye, kwa hiyo nitaomba taarifa zake kwa maandishi. Lakini bado sijaelewa habari ya mkupuo. Mfuko unaniambia naweza kuchukua sehemu mara tu nitakapostaafu, yaani mwaka huu huu ambao nimelipwa mshahara kwa miezi mingi. Je, wakati wa kuchukua una uzito wowote?

Mstaafu Mkongwe amejibu:

Una uzito mkubwa, ndugu yangu, kuliko watu wengi wanavyoambiwa. Kwanza uliza kama mkupuo katika sheria inayokuhusu una msamaha wake maalumu. Nchini Uingereza, kwa mfano, kwa kawaida robo ya akiba ya pensheni huweza kuchukuliwa bila kodi hadi kikomo kilichowekwa, na inayobaki hutozwa kama mapato kadiri inavyotolewa. Sehemu yenye msamaha haibadiliki sana kwa kuichukua leo au mwaka ujao. Sehemu inayotozwa ndiyo ya kufikiriwa.

Nitumie madaraja aliyoyaweka Mtozaji Mstaafu. Tuseme mwaka huu umekwisha kupata mshahara wa 500,000, na unataka kutoa 400,000 zinazotozwa kodi. Ukizitoa sasa, mapato yako yanafika 900,000: 100,000 katika hizo zinaingia daraja la asilimia 10 na 300,000 zinaingia la asilimia 30, kwa hiyo mkupuo unakugharimu kodi ya 100,000. Ukisubiri, na ukiwa na pensheni ya 360,000 kwa mwaka ukatoa 200,000 mwaka ujao na 200,000 mwaka unaofuata, kila mwaka mapato yako yatakuwa 560,000, yote chini ya daraja la juu. Kodi ya zile 400,000 itakuwa 40,000. Umeokoa 60,000 kwa kusubiri tu, bila ujanja wowote wala kuficha kitu. Ila kazi za mkataba unazozifikiria zitaongeza mapato ya miaka hiyo, kwa hiyo zihesabu pia kabla ya kuamua, na ukumbuke kwamba anayekulipa kwa mkataba huenda asikate kodi kama alivyokuwa akikata mwajiri.

Pili, usishtuke ukikatwa sana katika malipo ya kwanza. Mlipaji asiye na taarifa zako zote anaweza kulazimika kuhesabu kodi kana kwamba kiasi ulichotoa mwezi huo utakitoa kila mwezi. Ukitoa 100,000 mara moja, yeye anaona mapato ya 1,200,000 kwa mwaka, ambayo kodi yake ni 210,000, na hukata sehemu ya mwezi mmoja, yaani 17,500. Kama hizo 100,000 ndizo mapato yako yote ya mwaka huo, kodi yako halisi ni sifuri, na 17,500 ni zako. Tatizo hili limewasumbua sana wastaafu wa Uingereza tangu mwaka 2015, sheria ilipowaruhusu kutoa akiba zao kwa uhuru zaidi. Fedha iliyokatwa kupita kiasi hurudishwa, lakini katika nchi nyingi lazima uiombe au uwasilishe ritani, na muda wa kuomba una mwisho wake. Njia inayopunguza usumbufu, pale masharti yanaporuhusu, ni kutoa kiasi kidogo kwanza ili mlipaji apate taarifa sahihi kutoka mamlaka ya mapato, kisha kutoa kiasi kikubwa baadaye.

Hata hivyo kodi isiwe sababu pekee ya kuchukua au kuacha mkupuo. Mkupuo mara nyingi hupunguza pensheni ya kila mwezi kwa maisha yako yote, na wakati mwingine hata ile atakayoachiwa mwenzi wako. Uliza mfuko kiasi gani cha pensheni kinakatwa kwa kila fedha unayoichukua kwa mkupuo, kisha ulinganishe baada ya kodi, pande zote mbili.

Binti wa Mstaafu ameuliza:

Shikamooni wazee. Samahani kwa kuingilia kati, lakini swali langu liko karibu na haya. Mama yangu hupokea pensheni ya ujane kutokana na utumishi wa marehemu baba serikalini, na sasa amehamia kwangu, katika nchi nyingine. Alipoanza kupokea aliambiwa pensheni yake haitozwi kodi. Je, msamaha huo unamfuata? Na je, sheria ikibadilika inaweza kumgusa mtu ambaye tayari ni mstaafu?

Karani wa Mafao amejibu:

Marahaba, binti yetu. Nianze na la mwisho. Ndiyo, sheria inaweza kubadilika baada ya mtu kustaafu, na si lazima iwe kwa ubaya. Kenya iliongeza msamaha mwishoni mwa mwaka 2024, ikaondoa kodi katika malipo ya pensheni kwa waliofikia umri wa kustaafu kwa mujibu wa kanuni za mfuko wao. Ujerumani ilichukua njia ndefu zaidi: kuanzia mwaka 2005 ilihama polepole kutoka kutoza michango na kwenda kutoza pensheni. Walioanza kupokea pensheni ya umma mwaka huo au kabla yake walihesabiwa kodi juu ya nusu yake, kila kundi la wastaafu lililofuata likawa na sehemu kubwa zaidi, na kwa sheria ya sasa ni wale watakaoanza mwaka 2058 ndio watakaohesabiwa pensheni yote. Mimi naiona njia hiyo kuwa ya heshima kwa wastaafu, kwa sababu kila mtu anajua anapoanza kupokea ni kiasi gani hakitaguswa, na wale waliochanga kwa fedha iliyokwisha kutozwa hawakugeuziwa utaratibu mikononi.

Kuhusu kuhama, msamaha hautoki katika nchi iliyoutoa na kwenda kuifunga nchi nyingine. Nchi anamoishi mama sasa huenda ikamhesabu kuwa mkaazi wake kwa ajili ya kodi, na nchi nyingi huwatoza wakaazi mapato yao kutoka popote. Hapo ndipo unapotafuta kama nchi hizo mbili zina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili. Mikataba mingi hufuata kielelezo cha mkataba kilichoandaliwa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri, ambacho katika ibara ya 18 huipa nchi ya ukaazi haki ya kutoza pensheni za ajira za kawaida. Pensheni za utumishi wa serikali ziko katika ibara ya 19, na kanuni yake ni kinyume: hutozwa na nchi iliyozilipa pekee, isipokuwa mpokeaji awe mkaazi na pia raia wa ile nchi nyingine. Kwa hiyo uraia wa mama ni jambo la kuuliza mapema. Kielelezo cha Umoja wa Mataifa kina maneno tofauti kidogo, na kinaipa nchi inayolipa nafasi kubwa zaidi, hasa kwa mafao ya hifadhi ya jamii. Kwa hiyo lazima usome mkataba wenyewe wa nchi hizo mbili, si kielelezo.

Angalia pia msamaha alioambiwa ulitokana na nini. Kama ulitolewa kwa sababu pensheni za wajane husamehewa katika sheria ya nchi inayolipa, unaendelea huko kadiri sheria hiyo inavyodumu. Kama ulitokana na mapato yake kuwa chini ya kikomo, unaweza kuisha pensheni ikipanda, na nchi nyingine huwanyima wasio wakaazi kile kiwango kisichotozwa. Mwombee cheti cha ukaazi kutoka mamlaka ya mapato ya nchi anamoishi sasa, ukipeleke kwa mlipaji wa pensheni pamoja na fomu ya mkataba kama ipo, na ufanye hivyo kabla mwaka wa mapato haujaisha, kwa kuwa kuzuia makato yasiyostahili ni kwepesi kuliko kudai fedha iliyokwisha kupelekwa serikalini.